Mikutano ya Maji Mafu

Kwa miaka tisa nilikuwa katibu wa kamati ya uvuvi ya shehia yetu, upande wa mashariki ya Unguja, na katika miaka yote hiyo sikumbuki siku niliyoulizwa maoni yangu. Nilichaguliwa kwa kuwa nimemaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Tulikuwa wajumbe kumi, wanawake wawili. Mimi nilikuwa wa kalamu, mwenzangu wa chai. Naye alikuwa mjumbe kamili, jina lake limo daftarini kama la bwana diko, msimamizi wa bandari yetu ya wavuvi, lakini mkutano ukifika katikati humwona anainuka kwenda kutazama birika, na akirudi na sinia mkononi jambo limeshapita.

Sikuliona hilo kuwa ni kosa. Nililelewa kuamini kuwa ukiingizwa barazani umeheshimiwa, na aliyeheshimiwa hushukuru. Nikashukuru miaka tisa.

Kilichonifumbua macho ni pweza. Mwaka mmoja tuliletewa habari ya kufunga mwamba. Maana yake ni kwamba watu mnakubaliana kutovua pweza sehemu fulani kwa muda, mara nyingi miezi mitatu, kisha mnafungua siku moja, wote kwa pamoja. Pweza hukua upesi mno. Uliyemwacha wa kutia kiganjani, ukirudi baada ya miezi mitatu unamkuta wa kujaza ndoo. Ni mpango mzuri, na mpaka leo nautetea. Shida ilikuwa ni mwamba upi ufungwe.

Sisi tuna mwamba wa ndani na mwamba wa nje. Wa ndani unaufikia kwa miguu maji yakitoka, ukiwa na mchokoo na kikapu, na wanaouendea ni wanawake. Wa nje uko kwenye mawimbi, unauendea kwa ngalawa na kuzamia kwa miwani, na wanaouendea ni wanaume. Mkutano uliitwa saa nne asubuhi, nao ulikuwa wakati wa bamvua.

Asiyekaa pwani huenda asielewe uzito wa maneno hayo. Kwetu, siku za bamvua maji hutoka kabisa kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Saa nne ya asubuhi ya bamvua, kila mwanamke mwenye nguvu za miguu yuko nje huko, kwenye mwani au mwambani, na maji hayamngoji. Ukiita mkutano saa hiyo umewaambia wanawake wasije, hata kama hukukusudia. Siamini kuwa wenzangu walikusudia. Saa nne ni saa ya wao kuwa wamesharudi kutoka baharini, wameuza, wameoga.

Hoja ilichukua kama dakika kumi. Baadaye nilikuja kujua kwamba ilikuwa imezungumzwa siku tatu mfululizo maskani, usiku, kwenye kahawa na dhumna, kwa hiyo pale kila mtu alikuwa na jibu lake mkononi. Ufungwe mwamba wa ndani. Mwenzangu alikuwa jikoni. Mimi nikainamisha kichwa, nikaandika: "Kikao kimeazimia kwa kauli moja." Nikatia sahihi.

Jioni ile jirani yangu, mjane mwenye watoto wanne, alinikuta kisimani. Maisha yake yote yalikuwa kwenye ule mchokoo. Hakugomba. Aliweka ndoo chini akaniuliza, "Weye ulikuwepo?"

Nikamwambia nilikuwepo.

"Ulisema nini?"

Nimepita mengi baada ya siku ile, lakini sijaulizwa swali zito kuliko hilo. Miezi mitatu iliyofuata nilimwona akisokota kamba za usumba mpaka vidole vinachubuka, na kila nikipita mbele ya mlango wake niliyakumbuka maneno "kwa kauli moja". Kauli hiyo ilikuwa yangu pia. Niliitoa kwa kunyamaza.

Nikaenda kwa shangazi.

Shangazi yangu alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha mwani, na kabla ya hapo, tangu sijazaliwa, alikuwa kijumbe wa upatu. Hakupata kwenda skuli. Alisoma chuoni tu, Kurani na hati za Kiarabu. Lakini wanawake thelathini walikuwa wanampa fedha zao kila wiki bila karatasi, na hakuna aliyepata kudai kapunjwa. Alijua zamu ya nani imefika, nani ana mgonjwa apewe mapema, nani akipewa leo mume atazichukua, kwa hiyo azuiliwe mpaka siku ya kununua bati. Siku hizi nikisikia mtu anasema wanawake wa vijijini wanahitaji kufundishwa uongozi, namkumbuka yeye na daftari lake lililokuwa kichwani. Bibi Titi Mohamed naye aliingia chama cha TANU mwaka 1955 akiwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma jijini Dar es Salaam, na vikundi kama hivyo ndivyo alivyovipitia kuwaingiza wanawake kwa maelfu katika chama. Uongozi alikuwa nao tayari. Chama kilimpa jukwaa kubwa zaidi la kuutumia.

Nilimweleza shangazi habari yote, nikilia. Aliningoja nimalize. Kisha akasema, "Mwanangu, mkutano wa barazani huwa umeshakwisha. Weye unakwenda kusomewa." Akaniambia niache kulia, nilete karatasi.

Tukakaa ukumbini, taa katikati, tukahesabu mwezi. Mwezi ukiandama ni bamvua, na ukiwa mpevu ni bamvua tena. Katikati yake, kiasi cha mwezi nane hadi kumi, na tena kwenye mwezi ishirini na tatu hivi, ni maji mafu. Siku hizo bahari haitoki vya kutosha, hakuna wa kwenda kwenye mwani, na wanawake wako nyumbani. Yeye alitaja siku, mimi nikaandika. Ikatoka kalenda ya mwaka mzima, ya kwanza ya namna yake kijijini petu, na mpaka leo karatasi ile ninayo, pembe moja imeliwa na mchwa.

Kesho yake baada ya magharibi akavaa buibui lake akaenda kwa mwenyekiti wa kamati. Nilifuatana naye. Yule bwana ni mtu wa heshima, na shangazi alimjua tangu anatambaa. Waliulizana hali, wagonjwa, mvua. Kahawa ikaletwa. Ndipo akamwambia, "Mwanangu, nimekuja kukuomba saa. Sikuombi kiti, nakuomba saa tu. Mikutano yenu iwe maji mafu, baada ya alasiri." Akamkabidhi karatasi. Mwenyekiti aliitazama muda mrefu, akasema kweli hakupata kulifikiria hilo, na naamini alisema kweli. Alikubali pale pale.

Sasa niseme jambo ambalo waandishi wengi wa habari hizi huliruka. Mkutano wa kwanza wa maji mafu walikuja wanawake ishirini na kitu. Walikaa chini ya mkungu na ukili wao mikononi, wakasuka mpaka mwisho, hakuna aliyefungua mdomo. Wa pili ikawa vile vile. Maskani watu wakaanza kusema, si mnaona, wamepewa nafasi hawana la kusema. Mimi mwenyewe nilianza kuingiwa na shaka.

Shangazi akaniuliza, "Hao wanaume wanayajua lini mambo ya mkutano?" Siku mbili tatu kabla, nikajibu. "Na hawa?" Wanayasikia pale pale. Akanitazama tu.

Kuanzia hapo, siku mbili kabla ya kila mkutano, nilikwenda bandani, pale wanawake wanapofunga mbegu za mwani, nikawasomea ajenda. Mikono ikiendelea kufunga taitai kwenye kamba, midomo inajadili: hili lina maana gani, fedha zinatoka wapi, nani atalinda. Walibishana, wakacheka, wakakasirikiana. Mkutano wa tatu ulipofika yule mjane jirani yangu aliinua mkono. Aliongea maneno machache sana, kwamba mwamba wa ndani ugawanywe pale mkondo unapopita, ufungwe nusu kwa zamu, na wa nje nao uwe na zamu yake. Alijua mkondo ulipo kuliko mtu yeyote pale. Likapita. Nikaandika, na safari hii "kwa kauli moja" ilikuwa ni kweli.

Mwani ulikuja kwetu nikiwa mtoto. Kilimo chenyewe cha biashara kilianza upande huu wa Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, na haukupita muda mama naye akawa na vigingi na kamba zake. Nilikuwa namfuata nikishika ncha ya kamba. Ndiyo fedha ya kwanza niliyoiona mikononi mwa mama bila kupitia mikononi mwa baba, na ndiyo iliyoninunulia sare za skuli. Mpaka leo katika kila wakulima kumi wa mwani Zanzibar, wanane hivi ni wanawake. Kazi ni yao, magoti yanayouma ni yao. Lakini aliyepima, aliyepanga bei na aliyeandika stakabadhi, nilipokuwa nakua, daima alikuwa mwanamume aliyekuja na gari.

Shangazi alipoanza kuona miguu inachoka, hakungoja aanguke. Mwaka 2018 aliitisha uchaguzi wa mwenyekiti wa ushirika wetu wa mwani akiwa bado na nguvu ya kuuendesha, na jina langu likapita. Nilitaka kukataa. Akaniambia, "Nikifa utamuuliza nani? Kikalie nami nipo."

Mnunuzi wa kwanza baada ya hapo alikuja na mizani ya kuning'iniza na kijana wa kuandika. Sitaitaja kampuni. Tulikuwa tumejaza magunia tangu alfajiri, mwani umekauka vizuri, hauna mchanga. Gunia la kwanza likasomwa kilo kadhaa chini ya tulivyolipima sisi dukani. Nikasema. Yule bwana hakunijibu mimi, aligeuka akamwambia mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na sita aliyekuwa anatubebea magunia, "Mwambie mizani haisemi uongo." Kijana akaona haya, akatazama chini. Mnunuzi akahamia kwa shangazi, aliyekuwa amekaa juu ya gunia na ukili wake. "Bibi, weye ni mtu mzima, tuelewane."

Shangazi hakuinua macho kwenye ukili. "Mwenyekiti ni huyo."

Basi, hakuongeza neno. Moyo ulikuwa unanidunda mpaka masikioni. Nilikuwa nimeazima dukani jiwe la mizani la kilo 5, nimelifunga kwenye kanga. Nikalitoa, nikamwomba yule kijana wa kuandika alining'inize mwenyewe. Mizani ikasoma pungufu ya tano, mbele ya wanawake arobaini. Hakuna aliyepiga kelele. Tulisubiri. Hatimaye akasema mizani imekaa vibaya, akairekebisha, tukaanza upya kutoka gunia la kwanza.

Nimeifikiria sana ile sauti ya "Mwenyekiti ni huyo". Shangazi angeweza kumshinda yule bwana kwa nusu dakika, alikuwa na ulimi wa kuweza. Lakini angemshinda yeye, na mimi ningebaki mtoto wa shangazi. Alijizuia. Kumwona mwenzio anatetemeka na kumwachia amalize mwenyewe, hali uko hatua mbili kutoka kwake, ni kazi ngumu kuliko kuongea. Watu wengi wanaosema wanawaunga mkono wanawake hawaiwezi, wanaume kwa wanawake. Humpa mwanamke kiti, kisha humsemea.

Kuna jingine la baharini. Aina ya mwani yenye bei nzuri, ile tuitayo kotoni, ilikuwa inaleta takriban maradufu ya ile aina nyingine, spinosamu. Lakini maji ya pwani yalivyozidi joto ikawa inafifia, inameguka, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwenye maji machache ikawa haimei tena kwa kutegemewa. Inataka kina, penye maji ya baridi. Na kina kwetu ni cha wenye vyombo. Wanawake tuliofanya kazi baharini umri wetu wote hatukujua kuogelea. Hilo watu wa bara hushangaa wakilisikia. Ufundishwe na nani, na kwa nguo gani, na mbele ya nani?

Alikuwepo mwanasayansi wa kike, Dk. Flower Msuya, aliyefanya utafiti wa mwani Zanzibar kwa miaka mingi na kukazania kwamba kilimo cha kina kiwe cha wanawake pia. Ndani ya nyavu ndefu zilizofanywa kama mrija, mbegu haichukuliwi na mawimbi. Lakini nyavu bila kuogelea ni hadithi. Nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka arobaini, nimevaa suruali na buibui jepesi, nimekumbatia dumu tupu la lita 5. Mwalimu wetu alikuwa msichana aliyeweza kuwa mwanangu. Siku niliyoachia dumu, miguu ikatafuta mchanga isiupate, nilidhani nakufa. Yeye aliogelea pembeni, mkono wake hauko mbali, hanigusi. Nikamkumbuka shangazi juu ya gunia.

Tarehe 19 Machi 2021 tulikuwa bandani na redio. Siku mbili kabla yake tulikuwa tumetangaziwa msiba wa Rais, na siku ile Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Kwetu hakuwa mtu wa mbali, ni mzaliwa wa Makunduchi, mkoa wetu huu huu wa Kusini. Wengine walilia, mmoja akasujudu pale pale penye mchanga. Nami nililia. Lakini baadaye nikawa nawaambia wasichana wasiitazame siku ile moja. Aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 2000 kwa viti maalumu, akapewa wizara, akajifunza kazi ndani ya kazi, na mwaka 2010 ndipo akaenda kugombea jimbo la Makunduchi na kulishinda. Kuna wanaobeza viti maalumu kwamba ni vya kupewa. Mimi sivibezi. Katiba ya Zanzibar imeviweka viwe asilimia 40 ya viti vya majimbo, na ni mlango halali. Ninachouliza ni kama aliyeingia anapewa kazi ya kumkomaza, au anawekwa karibu na birika.

Shangazi alifariki miaka miwili baadaye. Nilikuwa sijamuuliza yote.

Na baada yake nikakosea. Ushirika ulikua, nikawa naitwa semina, nikawa na simu isiyonyamaza. Mikutano yetu ikabaki vile vile, maji mafu baada ya alasiri, na nilikuwa najivunia hilo kila ninapopewa kipaza sauti. Mwaka jana nikawalaumu wasichana hadharani. Nilisema vijana wa kike siku hizi hawataki uongozi, wanataka simu tu, mbona hawaji. Binti mmoja, mtoto wa yule mjane jirani yangu, alinifuata nyumbani jioni. Alinipa shikamoo, nikaitikia, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mama, mimi natoka hoteli saa kumi na mbili jioni. Zamu nyingine naingia saa tisa. Wenzangu wote ndivyo. Hatujali bamvua wala maji mafu. Mikutano yako hatuiwezi."

Niliuona ule uso wa mama yake kisimani. Nikamwambia, nisamehe mwanangu. Nikamletea ile karatasi ya zamani yenye pembe iliyoliwa, nikamweleza ilivyotoka. Aliipiga picha kwa simu. Baada ya wiki akarudi na nyingine aliyoiandaa mwenyewe: safu ya mwezi, safu ya maji, na safu ya tatu ambayo mimi na shangazi hatukuwa nayo, ya zamu za mahoteli, amekusanya kwa wenzake mmoja mmoja. Ajenda siku hizi anaituma yeye kwa sauti, kwenye kikundi cha simu, ili hata wasiosoma wasikie wakiwa bandani.

Mkutano ujao ni mwezi ishirini na tatu, saa mbili na nusu usiku, baada ya Isha. Wazee watakuja kuchukuliwa majumbani na vijana. Taa tumeazima msikitini. Ataendesha yeye, na mimi nimeshaanza kusuka ukili mwingine.